Okidi sapatu, mpapindi wetu na lile swali la asili

Najua nimepotea hapa kijiweni. Wiki mbili hizi tulikuwa na kazi ya kundi hapa kampasi: kila kundi limepewa kiumbe chake, lieleze wataalamu wamekiainisha vipi na asili yake wapi, halafu lisimame mbele ya darasa lijibu maswali. Wenzetu mmoja kapata popo, mwengine mikoko, mwengine karafuu. Sisi? Okidi za kiatu.

Sasa jamani, ianze Pemba kule Mkoani uende nayo mpaka Kigomasha, hutoikuta hata moja imeota porini. Unguja hakuna. Bara hakuna, Kenya hakuna, Kongo hakuna, mpaka unafika Cape Town hakuna. Afrika yote kusini ya Sahara haina hata aina moja ya asili ya maua haya, wakati Asia wanayo, Ulaya wanayo, Marekani ya Kaskazini na ya Kusini wanayo. Mwenzetu mmoja akasema twende tukabadilishiwe, tupewe mwani tumalize. Mie nikawaambia hapana, hilo ndilo swali lenyewe. Kitu kimeenea nusu ya dunia, kwetu kimekataa nini?

Basi swali hilo likanishika mpaka usingizi ukapungua, na likanipeleka mahali ambapo sikutegemea: msitu wa Ngezi, kwenye mpapindi. Nisubirini, tutafika.

Kwanza maua yenyewe. Okidi ni familia kubwa kweli kweli, spishi zaidi ya 25,000. Hizi za kiatu ni kama 200 hivi tu. Petali yake moja, ile ya chini, imejikunja ikawa kifuko mfano wa ncha ya kiatu. Kundini ukazuka ubishi wa jina la Kiswahili. Wengine wanataka okidi makubadhi. Mie nikasimama na sapatu, maana kubadhi liko wazi mbele, vidole vyote nje, na hiki kifuko kimezibwa mbele. Bibi nilimpigia simu akanipa ushindi, teh teh teh. Kwa hiyo humu ni okidi sapatu, asiyetaka aandike yake.

Kile kifuko si pambo, ni mtego. Mdudu, mara nyingi nyuki au nzi, anavutwa na rangi au harufu, anatua ukingoni, anateleza ndani. Akijaribu kurudi alikoingilia hawezi, ukuta unateleza. Njia ya kutokea ipo nyuma, nyembamba. Akiifuata anapita kwanza chini ya stigma, kisha anajibana kwenye chavua, anatoka nje kapakwa mgongoni. Akinaswa tena kwenye ua jengine, chavua ya mwanzo inabaki pale kwenye stigma, kazi imekwisha. Na malipo yake? Nyingi katika hizi hazimpi mdudu hata tone la asali. Utapeli mtupu, na umedumu mamilioni ya miaka.

Haya, kuainishwa kwake. Linnaeus mwaka 1753 aliipa ile ya nchi za baridi jina la Cypripedium, kwa kukumbuka kisiwa cha Saiprasi na mungu wa kike ambaye Wagiriki wa zamani walimhusisha na kisiwa hicho. Karne ya 19, wasafiri walipoanza kupeleka Ulaya zile za misitu ya joto ya Asia na Marekani, wakulima wa maua waliziita karibu zote kwa jina hilo hilo. Una kiatu? Basi wewe Cypripedium, kaa hapa. Baadaye ndio wataalamu wakaanza kuzitenganisha. Reichenbach mwaka 1854 akatenga Selenipedium za Marekani ya joto. Pfitzer mwaka 1886 akatenga Paphiopedilum, hizi za Asia ya joto ndizo nyingi kuliko zote na ndizo mnazoziona kwenye picha za kalenda. Rolfe mwaka 1896 akatenga Phragmipedium, nazo za Marekani ya joto. Ya tano imekuja juzi juzi tu: kuna okidi sapatu ndogo nyeupe ya Oaxaca, Mexico, ilitangazwa mwaka 1990 ikatiwa kwenye Phragmipedium, mwaka 1992 ikapewa jenasi yake peke yake, Mexipedium. Jenasi nzima ina spishi moja. Upweke huo nao!

Juu ya hayo, walibishana kama hizi ni okidi kweli au si okidi. Okidi nyingi zina stameni moja tu inayofanya kazi. Hizi zina mbili. Kwa hiyo wapo walioziweka familia yao wenyewe, nje kabisa. Mpaka miaka ya 1990 vilipoanza kusomwa vinasaba, ndipo ukoo ukapangika vizuri. Okidi zote zina matawi makubwa matano. Tawi la kwanza kuachana na wenziwe ni la kina Apostasia, vimea vidogo vya Asia ambavyo ukiviona huwezi kudhani ni okidi. La pili ni la vanila, hii hii inayopandishwa mitini kwenye mashamba ya viungo. La tatu ndio sapatu. Kisha yanabaki matawi mawili yaliyojaa spishi nyingi mno. Kwa hiyo sapatu wamo ndani ya nyumba, ila walihamia chumba chao mapema.

Kitu kilichonifurahisha: zile Selenipedium zina matunda yenye harufu ya vanila, na ipo moja ya Panama ambayo watu waliitumia badala ya vanila. Undugu wa zamani umejificha kwenye harufu.

Darasani niliwaeleza jambo hili kwa ngeli. Kitabu, kiatu, kiti, wote wana ki-, wote husema "kimeanguka". Sasa kipofu naye ana ki-, lakini atasema "ameanguka". Ukimpanga kwa sura ya mwanzo wa jina utamweka na viti. Ukimsikiliza anavyopatana na wenziwe kwenye sentensi ndio unajua ni wa a-wa. Wataalamu wa zamani waliangalia kiatu, yaani ki- ya mbele. Vinasaba ndio sentensi nzima. Mwalimu wetu alicheka, sijui kwa mfano wenyewe au kwa namna nilivyousema.

Na hata majani yalikuwa yanasema tokea zamani. Cypripedium na Selenipedium majani yao yana mikunjo mikunjo, kama jani la mche wa mnazi kabla halijachanika. Zile jenasi tatu nyengine zina mkunjo mmoja tu katikati, kama daftari lililofunguliwa. Sasa shikeni hapa. Katika hizi tatu za daftari, moja ni ya Asia, Paphiopedilum, na mbili ni za Marekani. Ndugu wa karibu kabisa wa okidi sapatu za Vietnam, Thailand na Borneo hawapo India wala Afrika. Wapo ng'ambo ya Pasifiki nzima, Mexico mpaka Peru na kuendelea.

Imekuwaje? Utafiti mmoja wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulieleza kwamba babu yao alienea wakati nchi za kaskazini zilikuwa na joto na Asia na Marekani zikiunganika kwa ardhi kule juu. Katika zama za Eosini, kati ya miaka milioni 56 na 34 iliyopita, dunia ikaanza kupoa. Walio katikati wakafa kwa baridi, waliobaki wakasukumwa kusini, hawa upande wa Asia, hawa upande wa Marekani. Hawakuonana tena. Kila mmoja akaendelea na yake mpaka leo.

Ukiiangalia ramani hiyo utaona Afrika haimo kwenye njia. Njia ilikuwa ya juu. Afrika ilikuwa huku chini, bahari imeitenga na kaskazini kwa muda mrefu, na baadaye jangwa. Lakini hapo ndipo mwenzetu wa mwani (ndiye huyo huyo!) aliponibana, na alinibana vizuri. Akasema: mbegu ya okidi ni vumbi. Tumba moja linaweza kuwa na maelfu ya mbegu, upepo unazichukua. Karafuu haiwezi kuruka bahari, lakini vumbi linaruka. Miaka milioni 30 na kitu haikupeperuka hata moja ikaanguka Usambara?

Jibu lipo kwenye vumbi lenyewe. Mbegu ya okidi ni nyepesi kwa sababu haikubeba chakula. Nazi imefungiwa masurufu yake, mbegu ya okidi imetoka nyumbani mikono mitupu. Ikianguka haioti mpaka ikutane na kuvu anayeifaa ardhini au kwenye gamba la mti, amlishe. Ikishaota na ikachanua, inamtaka mdudu wa kuingia kwenye kiatu na wa kipimo kinachopita kwenye ile njia ya nyuma. Na akipatikana, lazima liwepo ua la pili jirani. Kufika si kazi. Kazi ni kukaa. Zipo okidi nyingi za makundi mengine zilizoweza kukaa Afrika, Nyanda za Juu Kusini zimejaa mpaka watu wanachimba viazi vyake vinavyouzwa Zambia kutengenezea chikanda, na hifadhi ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 ikajulikana kwa maua hayo. Vanila ya porini isiyo na majani nayo ipo pwani yetu hii. Sapatu hakukaa.

Na kwa upande wa pili, kipo ambacho kwa hesabu zote kisingefika, na kimefika, na kimekaa hapa hapa Pemba. Ndio mpapindi.

Kwa msiokuwa wa huku: mpapindi ni mti wa jamii ya minazi na mipopoo, shina lina pete pete, matunda yakiiva mekundu, unaota Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, ukishapita Konde. Porini hauoti kwengine duniani. Si Unguja, si Tanga, si Mombasa. Pemba tu. Na ukiuliza ndugu zake wako wapi, hawapo bara. Wapo Bukini, Madagascar kwa jina la leo, huko ndiko kwenye ukoo mzima, na wachache visiwa vya Komoro. Mmoja wao mnamjua sana bila ya kujua mnamjua: ule mti mwembamba wa majani ya manjano manjano unaowekwa kwenye vyungu milangoni mwa mahoteli na maofisi dunia nzima. Huyo ni binamu wa mpapindi wetu, asili yake Bukini.

Kutoka Pemba mpaka Ngazija ni kama kilomita 800 za bahari. Mpaka Bukini ni zaidi ya 1,000. Na tunda la mpapindi si vumbi, ni tunda. Vumbi halikukaa, tunda limevuka. Hapo nikakaa kitako.

Limevukaje? Hakuna aliyekuwepo kuandika. Lakini njia za kufikirika zipo. Mkondo wa bahari unaotoka upande wa kaskazini ya Bukini ukifika pwani ya Afrika unageuka, unapanda kaskazini kupita Mafia, Unguja na Pemba, na kusi inavuma kuelekea huku huku. Kila mvuvi wa Wete anaijua. Gogo linaweza kuja nao, na ndege au popo aliyekula tunda anaweza kuja nao. Na popo ndio ushahidi ulionitia nguvu, nawashukuru sana wale wa kundi la popo. Popo wa Pemba, yule mkubwa wa rangi ya chungwa, alitangazwa na Matschie mwaka 1909 kwa jina la Pteropus voeltzkowi. Jenasi yake imetawanyika kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi mpaka Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki, na bara la Afrika hawamo. Wameishia visiwani, Pemba na Mafia, kama waliosimama kizingitini wakakataa kuingia ndani. Bundi mdogo wa Pemba, aliyetangazwa na Pakenham mwaka 1937, kwa muda aliwekwa chini ya bundi wa Madagascar, ndio baadaye akahesabiwa spishi yake. Mti, popo na bundi, wote watatu wanaelekeza kidole upande mmoja wa bahari.

Sababu kubwa ni mkondo wetu wenyewe, huu wa kati ya Pemba na bara. Una kina cha mamia ya mita, sehemu inafika kama 800. Mkondo wa Unguja ni mfupi wa kina. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko sasa, Unguja ikawa ni bara, chui anakwenda kwa miguu, kima punju anakwenda kwa miti. Pemba ilibaki kisiwa. Ndio maana Pemba haina chui, na kima punju waliomo Ngezi waliletwa na watu katika miaka ya 1970. Unguja ni kipande cha bara kilichoachwa na maji. Pemba ni kisiwa hasa, (wa Unguja msininunie), na kilichomo ndani yake ama kilivuka, ama kilikuwemo tokea zamani mno.

Sasa hapa lilikuja swali lililonikera kidogo, na nimeandika haya yote ili nilijibu kwa utulivu kuliko nilivyolijibu siku ile. Jamaa wa kundi jengine akasema: "Kwa hiyo mpapindi si wenu. Ni wa Madagascar. Hata ukikatwa wote Ngezi, si wako kule?" Darasa likacheka. Wengine wakaongeza kuwa pengine waliuleta mabaharia tu, wenye majahazi, wameupanda kama walivyopanda embe.

Tuanze na majahazi. Ukiletwa na mtu juzi, miaka 1,000 au 2,000 iliyopita, unabaki kuwa mti ule ule wa huko ulikotoka. Ngezi tunao mfano wake mzuri: ipo migomba mwitu humo, Musa acuminata, spishi ile ile inayoota Asia ya Kusini Mashariki. Huo inaelekea ulikuja na watu, maana hauna tofauti ya kutosha hata kupewa jina la spishi ya peke yake. Mpapindi si hivyo. Ukienda Bukini na Komoro ukautafute, huukuti. Utakuta binamu. Maana yake ulipofika ulikaa muda mrefu mno peke yake mpaka ukawa mwengine. Mabaharia hawana umri huo.

Halafu hili la "si wenu". Angalieni majina yake. Harold Moore aliutangaza mwaka 1962 kwa jina la Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 Beentje na Dransfield walipopanga upya mitende ya Madagascar wakaifuta ile jenasi, wote wakatiwa kwenye Dypsis, mpapindi ukawa Dypsis pembana. Mwaka 2022, vinasaba vilipopitiwa tena, jenasi ya zamani ikafufuliwa, ukarudi kuwa Chrysalidocarpus pembanus. Mwenzetu mmoja akasema ndio tatizo la wataalamu, hawajui wanachotaka. Mie naona kinyume. Kilichobadilika ni jina la mbele, la ukoo: ni wa nyumba gani, karibu na nani. Jina la nyuma, la Pemba, halijaguswa tangu 1962. Limegeuza mwisho tu, pembanus, pembana, pembanus, kwa sababu Kilatini nacho kina upatanisho wake kama ngeli zetu. Jina la mbele linasema umetoka wapi. La nyuma linasema wewe ni nani. Huwezi kulitumia moja kulifuta jengine.

Na si mchezo wa majina. Jina ndilo linaloamua nini kinalindwa. Rudini kwa okidi sapatu muone. Paphiopedilum na Phragmipedium zote zimo kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES, zilizochukuliwa porini haziruhusiwi kufanyiwa biashara ya kimataifa. Mwaka 1999 ikatangazwa Paphiopedilum vietnamense, na ndani ya miaka michache wachumaji walikuwa karibu wameimaliza porini kaskazini ya Vietnam. Mwaka 2002 ikatangazwa Phragmipedium kovachii ya Peru, ua la zambarau kubwa kama kiganja, baada ya Mmarekani Michael Kovach kulipeleka Florida bila ya vibali vinavyotakiwa. Kesi ikafika mahakamani, akahukumiwa mwaka 2004, na ua mpaka leo linaitwa kwa jina lake, kwa sababu kanuni za kutaja mimea haziangalii tabia ya mtu. Jina linaweza kukulinda, na linaweza pia kuwaonyesha wanaokutaka ulipo.

Popo wetu alipona kwa njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1990 alikuwa amebaki kidogo sana kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti. Ilipoeleweka kuwa huyu hayupo kwengine popote, vijiji vikaunda klabu za kumlinda, Kidike ikawa maarufu, na idadi ikapanda sana. Angehesabiwa tawi tu la popo wa Komoro, nani angehangaika? Angalijibiwa vile vile: si wako kule?

Nikaona nikae na swali hilo kwa sababu sisi wenyewe tunaulizwa kila siku. Ukifika Dar mtu akisikia lafudhi: "wewe asili yako wapi hasa?" Mshirazi, Mwarabu, Mngazija, wa bara? Na kwa wengine si utani. Wapo Wapemba waliovuka zamani kwenda Kwale na Kilifi, uvuvi ndio kazi yao, wamezaa na kujukuu huko, na Kenya iliwatambua kuwa moja ya makabila yake mwaka 2023 tu. Kabla ya hapo mtu anazaliwa pwani ya Kenya, mama yake kazaliwa hapo, na hana kitambulisho, kwa hiyo hana akaunti ya benki, hana leseni ya chombo chake. Wakiulizwa wanaambiwa nyinyi ni wa kule. Wakija kule wanaambiwa nyinyi ni wa huko. Sisemi mtu ni mpapindi, msije mkanichukulia hivyo. Nasema nililisikia neno lile lile, "si wako kule", na sikulipenda.

Basi turudi darasani. Swali la mwisho aliuliza dada mmoja wa mwaka wa kwanza, nalo lilikuwa bora kuliko yote: je, yawezekana siku moja okidi sapatu ikaonekana Ngezi? Nilimjibu kuwa ya asili sitegemei. Ua kubwa namna ile, kwenye msitu uliopitwa na watafiti tangu enzi za ukoloni, lingeshaonwa. Lakini zile ndogo za makundi mengine, zinazokaa juu kwenye matawi na kuchanua siku chache tu, hizo zinataka mtu wa kuinua shingo, na wengi wetu tunapita Ngezi kwenda Vumawimbi kuogelea tukiangalia njia tu.

Kwa hiyo kundi letu limeamua mradi wa mwaka wa mwisho. Tumeacha sapatu wakae kwao Borneo. Tutahesabu mpapindi: si ile mirefu inayoonekana kutoka barabarani, bali miche ya chini, ya kimo cha goti kushuka, kwa viwanja vidogo vidogo vilivyopimwa, maana mti mrefu unakuambia habari za miaka 30 iliyopita na mche unakuambia habari za mbele. Barua ya kuomba ruhusa tumeshaipeleka kwa wanaohusika na msitu, na tumejibiwa tutapewa mlinzi wa kutuongoza. Ami yangu kaniuliza kazi hiyo itanipatia ajira gani, nikamwambia ami, sijui bado. Akaguna, kisha akanipa viatu vyake vya mvua.

Tunaanza Jumamosi inshaallah. Gari la Konde linaondoka asubuhi, atakayekuja awahi. Anahitajika mwenye futi kamba ya mita 50 na mwenye simu yenye GPS inayokaa na chaji, yangu inazima kabla ya adhuhuri. Mikono mirefu lazima, mbu wa Ngezi hawaulizi asili ya mtu. Chakula kila mtu na chake, ila mwenzetu wa mwani kaahidi mkate wa kumimina, na kwa hilo tumemsamehe.